Kwa Chini

Mwanahawa aliifungua bahasha ya kaki
juu ya meza yangu ya kukatia vioo.
Gari la mashindano, viti viwili, halina paa,
pua ndefu, taa za mviringo,
wekundu umepauka kidogo kama kanga ya kuanikwa.
Nyuma yake ghala la mkonge, kule Ngomeni.
Mwaka hakuna aliyeuandika.

"Zawadi ya baba. Anatimiza themanini.
Fremu ya mbao, tafadhali. Si plastiki."

Hapa Barabara ya Kumi na Mbili
nimeshatia fremu maharusi, vyeti vya ualimu,
Ayatul Kursiyyu, timu iliyopanda daraja ikashuka,
marehemu waliokuzwa kutoka picha ya kitambulisho.
Gari, bado.
Nikadhani ni kazi nyepesi: gari halina shangazi
wa kuja kulalamika kwamba limetoka jeusi.

Nikachagua mninga. Nikakata pembe
kwa nyuzi arobaini na tano; ukikosea unywele
vumbi la Ngamiani litaingia bila hodi.
Kioo nikakipulizia pumzi, nikakisugua kwa gazeti.
Chini ya picha palikuwa na doa,
kitu kama matambara mawili kando ya gurudumu.
Nikalifunika kwa ukingo wa kadi nyeupe,
inchi mbili tu, picha ikakaa safi.
Nilijipongeza, niseme kweli.

Jumapili nikaenda mwenyewe Makorora, na nyundo.
Pilau, wajukuu, keki yenye gari la sukari.
Mzee Sekidio akaivua karatasi polepole,
bila kuichana, kama mtu atakayeihitaji tena.
Akavaa miwani.
Sebule nzima ikamsubiri alie.

"Tairi la nyuma kushoto," akasema, "limepungua upepo.
Nilimwambia yule Mgiriki. Hakusikia la mtu."

Tukacheka. Yeye hakucheka.
Mjukuu akauliza: Babu, uliliendesha?
"Toka gereji hadi getini. Hatua sabini.
Gia ya pili niliifunga mimi, niliitia mafuta mimi,
lakini mkono wangu haukuwahi kuiingiza."

Kisha kidole chake kikashuka kwenye kioo,
kikagota kwenye ukingo mweupe.
Kikarudi juu. Kikashuka tena.
"Na miguu iko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa najua.

Nikaigeuza fremu palepale juu ya mkeka,
nikang'oa misumari midogo mmoja mmoja,
nikaitoa kadi.
Kando ya gurudumu, nyayo mbili zimetutazama,
nyeusi kwa oili,
kidole gumba kimefungwa kitambaa.
Kijana amelala chali, kazi haijaisha,
na mpiga picha keshasema tayari.

"Jeki iliteleza," akasema mzee. "Ukucha haukurudi."
Wajukuu wote wakainama chini ya meza kutazama.

Nilitaka kuitundika sebuleni, kando ya saa.
Akakataa. Akanipeleka banda la uani,
anakotengenezea baiskeli za watu,
akanionyesha pa kupiga msumari:
shibiri mbili kutoka sakafuni.
"Baba, nani ataiona hapo?" Mwanahawa akauliza.
"Juu lilikuwa la mwenyewe," akasema.
"Mimi lile gari nalijua kwa chini."
Akanigeukia. "Lala hapo kwenye gunia, utazame.
Limenyooka?"

Nikalala na shati langu la sherehe.
Limenyooka, nikamjibu,
lakini nilikaa kidogo kabla ya kuinuka.

Kazi ya pili sikumtoza.
Bila kadi, picha imeacha pengo upande mmoja;
nimeliziba kwa kipande cha mninga
kisichofanana rangi na wenzake.
Fundi mwenzangu akipita pale ataliona.