Mita ya Maji

Barua imefika Jumanne, katika bahasha ya kijani,
rangi ambayo hapa Domodossola
humfanya hata tarishi ashushe sauti.
"Bibi Ornella Zanfrini," yaanza, kwa adabu ya kisu kipya,
"mwaka mzima umetumia mita kumi na moja za maji.
Mtu akaaye kwake hatumii maji haba kiasi hicho.
Tunaona, basi, kwamba hukai humo.
Lipa kodi ya nyumba, miaka mitatu, na adhabu, na riba."

Nikaisoma nimesimama, koti bado mwilini,
viatu vya zamu ya usiku vikidondosha theluji sakafuni.
Niwaambie nini? Kwamba muuguzi huoga hospitalini,
kahawa yake hutoka kwenye mashine ya ghorofa ya pili,
na sare zake hufuliwa na serikali ileile
inayouliza mbona hafui?

Tulioana mimi nina hamsini na moja, yeye hamsini na nane,
kila mmoja na nyumba yake mgongoni, konokono wawili:
mimi na hii ya mawe, aliyoniachia shangazi,
Fulgenzio na vyumba vyake viwili Savona, juu ya duka la rangi,
dirisha likitazama reli. Yeye ni mtu wa ishara za treni;
asiposikia treni hapati usingizi.
Mimi nikiisikia, silali.
Ndoa yetu ina urefu wa saa nne na nusu,
na kubadilisha Milano.

Kabla ya pete hakuna aliyetuuliza.
Wapenzi wawili, nyumba mbili, kodi hakuna.
Siku tulipotia saini, karani aliyetupongeza
na karani wa mapato, mlango wa pili,
walikuwa wakiazimana stapla.
Watu husema chanda na pete.
Manispaa ikajibu: chanda, pete, na paa moja.
La pili mtalilipia.

Baadaye mahakama huko Roma ikasema hapana,
ndoa si kosa la kutozwa faini;
mume na mke waweza kuwa na makazi mawili ya kweli,
mradi wathibitishe.
Mradi.
Neno dogo, tumbo kubwa.

Jirani yangu Loredana ana miaka kumi na tisa na bwana wake,
bila cheti, bila bahasha.
"Si nilikwambia," anasema, akikung'uta zulia
upande wa ngazi zangu.

Nikampigia Fulgenzio.
Akanyamaza; treni ikapita ndani ya simu.
"Na mimi wameniandikia," akasema. "Umeme.
Wanauliza ni nani mwingine anayeishi humu."
"Umeme wa nini?"
"Taa."
"Taa gani?"
"Ya upande wako wa kitanda. Siizimi."

Miaka sita.
Nami nikienda, kila mara mwezi mmoja kwa siku nne,
naikuta inawaka, nadhani ameiwasha kwa ajili ya ugeni.

Sasa nimekaa mezani na kalamu.
Ninayo ratiba ya zamu, kadi ya daktari wa hapa,
risiti za kuni, sahihi ya mwenye duka la mikate.
Yote ni kweli na nadhani yatashinda.
Lakini mashine ya manispaa, isiyojua mtu,
imetamka lile ambalo padri hakulitamka, wala mama yangu:
kwamba hapa nimepungua,
na kule, nisikokuwako, nimezidi.

Nikaandika: Ninaishi hapa.
Nikakata mstari. Nikaandika tena, maneno yaleyale,
nikibonyeza zaidi.

Kisha nikavua viatu, nikafungua bomba,
nikaoga nyumbani, kirefu, mpaka kioo kikapofuka,
huku chini ya ngazi mita ikizunguka, ikizunguka,
kama shahidi aliyekwisha kulipwa.