Fagio la Ningavva

Lango liko mashariki. Ningavva huanzia hapo
kabla jua halijagusa kengele.
Hajaona ramani; mpango wote anaujua kwa vumbi.
Jekundu hutua kona ya kaskazini, penye kisima cha ngazi.
Majani makavu hukimbilia banda la fahali,
fahali wa jiwe aliyelala akitazama ndani
miaka mia nane, bila kupepesa.

Hekalu limepanda juu ya jukwaa la umbo la nyota.
Ukuta haunyooki hata pima moja:
unatoka, unaingia, unatoka tena, marinda ya jiwe,
na kila pembe inamdai.

Chini kabisa ndovu, maana ndio wabebaji.
Juu yao farasi, juu ya farasi mmea unaotambaa,
kisha mabata maji, kisha miungu, ambao shingo yake haiwafikii tena.
Ndovu mmoja amepinda mkonga kumchokoza wa mbele.
Huyo humpangusa kwa ncha ya sari.
Wengine wangoje mvua.

Ndani nguzo zimekerezwa kama pia,
zinang'aa hadi unajiona, mrefu, shingo imevimba.
Na kadiri uingiavyo, dari inashuka:
ukumbi wa watu mia,
ukumbi wa watu kumi,
ushoroba wa mtu na pumzi yake,
kizingiti.
Juu ya giza hilohilo ndiko mnara unakopaa.
Mlima mzima wa mawe umesimama
juu ya chumba kisichotosha kitanda.

Fagio linakoma hapo. Mle hufagia kuhani,
na hufagia vibaya. Ningavva huona petali kwenye pembe,
hunyamaza.

Mwaka jana alikuja mpimaji, Bwana Inamdar, na timazi yake.
Akaikuta ile nguzo ya kusini, ya tatu,
mraba mtupu katikati ya dada zake wa mviringo.
"Fedha ziliisha," akasema. Akafikiri. "Au vita."
"Au mkewe alishikwa na uchungu siku hiyo," akasema Ningavva,
"akaweka tindo chini, akakimbia."
Bwana Inamdar hakuliandika.

Saa nne, kazi ikiisha, huenda kwenye nguzo hiyo.
Zile nyingine zinateleza.
Hii bado ina makwaruzo ya tindo, makali kama ya jana,
naye huupachika mgongo pale panapowasha,
akajikuna taratibu, macho yamefumba,
juu, chini, kidogo kushoto.