Yatoka? Yatona

Yustyna yuko juu, jikoni,
mikono imeiva bitiruti hadi viwikoni,
nami niko chini ya sakafu, nimepiga magoti,
tochi menoni.
Tunazungumza kupitia mbao.

"Yatoka?"
"Yatona!"

Oktoba, Saskachewani. Kanola imeshavunwa.
Mitungi arobaini ya kioo imepangwa mezani
ikingoja kuoshwa na bomba linalotoa maji
kama mzee mwenye haya chooni:
yanatona, yanashtuka, yanatona tena.

Mama mkwe hataki fundi. Mchawi anamjua.
Ni Lavern Stadnyk, ng'ambo ya barabara ya changarawe,
aliyeleta mtambo Julai, akachimba futi mia tatu
kwa ajili ya ng'ombe wake weusi.
"Kaufyonza mshipa wetu," asema. "Kama mbu."
Tangu hapo hamsalimii kanisani.
Pasaka iko mbali, lakini mkate wa Lavern
umeshafutwa orodhani.

Mimi sibishi. Mkwe habishi. Napapasa.

Kwanza chujio. Nililifungua kutoka kikombe chake cha buluu,
likatoka limevaa matope kama buti.
Nikaweka jipya. "Yatoka?"
"Yatona!"

Kisha tangi. Nikazima umeme, nikalimwaga lote,
nikaligonga konzi tumboni, likaitika ngoo, tupu,
nikabonyeza valvu iliyo utosini:
upepo mkavu, paundi thelathini na nane,
wala si tone. Mpira wake mzima.
Nilishalishuku bure. Nikalipapasa kumwomba radhi
aliyetengeneza.

Ndipo nikaiona saa ya presha,
kiuso cha kioo chenye ukungu,
mshale umelala kwenye hamsini.
Hamsini! Tangi tupu, bomba kavu, hamsini.
Niliutazama kama umtazamavyo mtu
anayekuambia simuni "nipo njiani"
huku unasikia kitanda kikilia chini yake.
Dakika tano baadaye ukakubali arobaini na nane.

Chini ya saa hiyo, chini ya swichi,
kuna kibomba urefu wa kidole cha mwisho.
Nyumba nzima huona kiu kupitia hapo:
presha ikishuka, swichi husikia, huiita pampu.
Nikakifungua, nikakimulika. Hakikupitisha mwanga.
Maji yetu yana chuma, na chuma hakina haraka;
miaka kumi na saba kimejenga kutu, chembe juu ya chembe,
kama nta sikioni.

Kumbe kikulacho
hakikuwa futi mia tatu ng'ambo ya barabara.
Pampu ilikuwa kule chini gizani, mzima wa afya,
na nguvu zake zote, ikingoja kuitwa.

Nikakichokonoa kwa sindano ya kufumia
(ya Yustyna; hajui),
nikafunga uzi mweupe kwenye hesi, nikakaza,
nikarudisha umeme.
Ta! ikasema swichi.
Arobaini. Hamsini. Sitini. Ta.

"Yatoka?"

Kimya.
Kisha maji yakipiga sinia, kisha ukelele,
kisha tusi la Kikrania ambalo mke wangu
amekataa kunitafsiria tangu tuoane.

Alisimama kichwani mwa ngazi, aproni inamtiririka.
Nikamwonyesha uchafu wa kutu kiganjani.
Aliutazama sana.
"Huu tu?"
"Huu tu."
Akafuta mikono, ikabaki myekundu.
"Kisima cha Lavern bado ni kirefu mno," akasema,
akarudi kwenye sufuria zake.

Asubuhi rafu ilikuwa na mitungi thelathini na tisa.
Nilihesabu mara mbili.
Usiku theluji ya kwanza ilikuwa imepita, nyembamba kama unga,
na nyayo za buti ndogo zilivuka barabara ya changarawe,
zikakaa kidogo mbele ya mlango ambao, nadhani, haukubishwa,
zikarudi.