Swali la Tisa

Dodoso letu lilikuwa na maswali kumi na mawili.
Tulilitunga kwa simu, watu watatu, vyumba vitatu,
Lima imefungwa kama kopo,
na profesa, sauti ikimkatikakatika, akasema:
"Pimeni njaa. Kisichopimwa hakina mtetezi."

Saa kumi alfajiri tulikuwa soko kuu,
kabla lori la taka halijafika.
Maboga yenye jeraha ubavuni. Figili zilizonyong'onyea.
Gunia la karoti zilizoota pacha,
ambazo hakuna mama wa Miraflores angezinunua.
Mjomba wake Rosaura alileta guta la magurudumu matatu.
Kizuizini askari akaisoma barua ya chuo mara mbili,
akachagua papai moja,
akatufungulia njia.

Kisha mlima. Ngazi mia tatu na kumi na mbili,
saruji iliyopakwa njano na mgombea fulani aliyeshindwa,
halafu njano ikaisha, saruji ikaisha,
ukabaki udongo na nyayo za waliotutangulia.
Ukungu wa Julai ulitulowesha bila kunyesha.
Barakoa zilitugandama kama utando wa uji.
Yolvi alibeba mizani. Rosaura, magunia na matusi.
Mimi nilibeba maswali.

Huko juu gesi ilikuwa imekwisha wiki mbili.
Sufuria la lita hamsini lilichemka
juu ya mbavu za kabati la nguo,
na mlango wake, bado una kioo,
ulisubiri zamu yake ukutani, ukituonyesha sura zetu.

Bi Eufemia Ccorimanya hakuacha kukoroga.
Nyuma yake, kwa mkaa, ukutani:
majina ya nyumba, idadi ya sahani,
na chini kabisa, mia moja na kumi na nane.
Nikasoma la kwanza, la pili, la tano,
akajibu kama mtu anayepepeta mchele.
Nikafika la tisa:

*Katika siku saba zilizopita,
kuna siku ulilala bila kula kwa kukosa chakula?
Ndiyo. Hapana. Sijui.*

Upawa ukasimama.
"Huyo wa *sijui*," akauliza, "ni nani?
Mlishawahi kumwona?"

Rosaura akacheka peke yake.
"Na wewe, jana ulikula nini?"
Mkate, nikasema. Na chai.
"Juzi?"
Chai.

Tangu Machi, bwalo la chuo lilipofungwa
na sinia langu la bure likafungiwa humo,
nilikuwa nimejifunza kulala mapema,
kunywa maji polepole, kumwambia mama
Ayacucho, kwa simu, kwamba nanenepa.
Yolvi hakujua. Aliitazama mizani
kama yule aliyeshika kitu cha wizi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Ndivyo tulivyojiona, tukipanda na magunia yetu.
Bi Eufemia akaokota kipande cha mkaa,
akafuta nane kwa kiganja,
akaandika tisa.
Hakunitazama. Hakunihurumia.
Alinihesabu tu.

Supu ya miguu ya kuku na shayiri.
Ndani yake kipande cha boga, kimekatwa pembeni;
nililijua jeraha lile,
nililibeba mwenyewe begani.
Nilikula nimesimama, nimewapa mgongo wenzangu,
mvuke ukinipa sababu ya kufuta macho.

Ripoti ilikuwa na kurasa arobaini.
*Sijui* tuliifuta katika swali la tisa.
Profesa akatupa kumi na nne kwa ishirini,
akaandika pembeni, kwa wino mwekundu:
*Mtafiti amejichanganya na sampuli.*

Kweli, profesa. Nilijichanganya.

Kesho saa kumi guta linaondoka.
Ngazi ni zilezile. Kabati limebaki mlango.
Yolvi ameomba mizani ibaki nyumbani:
inakula nafasi ya gunia.