Mtegemezi

Nimeuza visheti Barabara ya Kumi na Mbili
miaka ishirini na mitatu,
na kila sinia mwonjaji wa kwanza ni mimi.
Shira ikikolea najua kwa ulimi,
kisheti kikiiva najua kwa gego,
gego la chini, upande wa kushoto.
Hilo ndilo lililokuwa mizani yangu.

Mwanahawa, mke wangu, mwalimu,
alinipa kadi ya bima mwaka aliohamia kufundisha Pongwe.
Juu, jina langu kwa herufi za kutamba:
MHANDO SHEKIGENDA.
Chini, kwa herufi za kunong'ona: mtegemezi.
Mimi? Ninayelipa kodi ya nyumba?
Nikaifunga kadi kwenye leso,
leso nikaitia kwenye kopo la biskuti
pamoja na hati ya kiwanja na cheti cha ndoa,
vitu ambavyo mtu huvifungua siku ya balaa.

Yeye alikisoma kile kijitabu chote.
Mwanahawa husoma hata gazeti lililofungia maandazi.
"Ukurasa wa kumi na moja," akasema.
"Kusafishwa meno mara moja kwa mwaka, wanalipa.
Kuangaliwa, wanalipa.
Kuziba tundu, likiwa bado tundu, wanalipa."
Nikamuuliza: kwani linauma?
Akajibu: ndiyo maana uende.
Nikacheka. Nani humpelekea fundi kiatu kisichotoboka?

Tobo la sindano, basi.
Nikalitia karafuu.
Mwaka uliofuata maji ya baridi yakawa na ncha.
Nikahamia kutafuna kulia, kama mtu anayekwepa mdai wake
kwa kupita mtaa wa pili.
Hadi usiku mmoja wa Shaabani,
maagizo ya visheti yamejaa daftari,
shavu likaumuka kama donge lililosahaulika na hamira,
nikalala nimekaa, nimeegemea gunia la sukari.

Daktari Nasra, kule Chumbageni, ni mdogo kwa binti yangu.
"Mara ya mwisho ulikuja lini?"
Nikaanza kuhesabu sikukuu, nikaona aibu.
Akaniwekea picha kwenye mwanga:
mzizi mweusi, mfupa uliolika pembeni.
"Mwaka juzi," akasema, "hili lilikuwa kazi ya nusu saa."
Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Dirishani, karani akaipitisha kadi, akasoma kama anayesoma mirathi:
ganzi, imelipiwa;
kung'oa, imelipiwa;
jino la bandia, halimo.
"Halimo vipi? Mmechukua langu!"
"Mzee wangu, bima yako inalipia shimo.
Kulijaza ni juu yako."
Akaniandikia bei kwenye kipande cha karatasi.
Nikaigeuza kwa visheti: Ramadhani nzima,
na Idi yake.

Januari nilirudi kwa miguu yangu, bila maumivu,
mara ya kwanza maishani kuingia mle nikiwa mzima.
Akakwangua ukoga;
sauti ikawa ile ya kijiko kwenye ukoko wa wali.
Nikatema damu kidogo, nikasukutua.
Dirishani sikudaiwa hata senti,
na karani akaniita kwa jina.

Lakini ulimi haujazoea.
Kila baada ya muda huenda pale palepale,
kama mtoto anayepita nyumba waliyohama.
Shira sasa naipima kwa kukisia,
na wateja wa zamani wananiambia, kwa adabu,
siku hizi sukari imezidi.

Na gego la juu, lililokuwa likigongana na lile,
Daktari Nasra anasema linashuka.
Taratibu, unywele kwa unywele.
Jino lisilo na mwenzake, kasema,
hushuka kumtafuta.

Usiku nikamweleza Mwanahawa.
Alikuwa akisahihisha madaftari, hakuinua kichwa.
"Basi na hilo," akasema, "liandikie kadi."