Marehemu wa Pili

Filamu yetu ilikuwa na pikipiki sita
na jaketi moja la ngozi.
Aliyefikiwa na kamera ya simu ndiye aliyelivaa;
waliobaki tulijibanza nyuma ya ghala, Katubuka,
vifua wazi, tukingoja ubaya wetu kwa zamu.

Genge la Fuvu, ndilo jina.
Fuvu lenyewe Bitama alilichora kwa chokaa mgongoni,
likatoka na mashavu,
likafanana na mjomba wake wa Kasulu.

Petroli ilikuwa nusu lita, ya chupa ya maji,
kwa hiyo mji tuliuvamia kwa mteremko,
injini zimezimwa,
kimya kama watu watokao mazikoni.
Muungurumo tuliutia baadaye kwa midomo,
usiku, chumbani kwa Ntakije, blanketi kichwani,
mpaka mama mwenye nyumba akagonga
kuuliza nani anaumwa tumbo.

Damu ilikuwa mawese.
Kigoma hatukosi damu.
Mimi nilipigwa risasi saa nne asubuhi
na hadi jioni inzi walikuwa bado wanaamini.

Nani alijua kuigiza? Hakuna.
Chubwa, mkuu wa genge, alisema "Nitakuua"
kama mtu anayesoma namba za luku.
Zaituni, mateka wetu, alipoambiwa apige ukelele
aliuliza kwanza, kwa adabu: "Sasa hivi?"
Marehemu wa kwanza alikagua pa kuangukia,
akapangusa, akakunja suruali, akafa.
Na mpiganaji wetu hodari, katikati ya vita,
panga juu, macho mekundu,
aliitwa na mama mwenye ndoo ya migebuka
ng'ambo ya barabara.
Akaliweka panga chini. Akampakia.
Akaenda Kibirizi, akarudi,
akaliokota panga, akauliza:
"Tulikuwa tunamchukia nani?"
Imo humo. Hatukuikata. Hatukujua kukata.

Lakini mwone Chubwa huyohuyo
mbele ya trafiki, Mwanga sokoni,
leseni imekufa tangu mfungo uliopita:
sauti inavyoshuka, mkono unavyoutafuta moyo,
mtoto mgonjwa anavyozaliwa papo hapo,
anapewa jina, anapewa homa, nusura azikwe.
Hana mtoto Chubwa.
Mwone Jumamosi kwa mwenye pikipiki,
hesabu imepungua elfu tatu,
machozi yanakuja yenyewe, bila kitunguu.
Nikamwuliza, kipaji hiki siku ile ulikificha wapi?
Akasema: Siku ile hakuna aliyenidai.

Tuliionyesha mara moja tu, kibanda cha video, Gungu,
mia tano kwa kichwa.
Tulipotaka walie, wakacheka.
Tulipotaka wacheke, wakatoka kununua karanga.
Ila shangazi yangu Nyabenda,
ambaye hakuwa ameambiwa,
aliponiona chini na mawese yangu kifuani
alisimama, akafungua kanga ya juu,
akapita katikati ya benchi bila kumtazama mtu
akaifunika runinga.

Hakuna aliyethubutu kuiondoa.
Dakika ishirini zilizobaki tulizisikiliza:
midomo yetu ikinguruma chini ya kanga,
Zaituni akiokolewa na mtu asiyeonekana,
na Chubwa akitubu, vibaya sana, gizani.

Tangu hapo kijiweni naitwa Marehemu.
Marehemu, Ujiji shilingi ngapi?
Marehemu, chenji unayo?
Na jioni, Buzebazeba, watoto hunisimamisha:
Kufa tena!

Naegesha. Nazima. Naangalia kama kuna tope.
Siku hizi naanguka vizuri, bega kwanza,
mdomo wazi, jicho moja nimeliachia vumbi.
Wananizunguka, wananyamaza.
Halafu yupo mmoja, ana kamasi, ana kijiti,
huinama karibu kabisa
na kuwatangazia wenzake, bila huruma:
tumbo linapumua.