Ufa, Yadi ya Miritini

Mkono haukuvunjika Jumanne.
Jumanne ndipo tuliposikia.

Kwenye mashine pacha
Mwachiro akapaka rangi nyekundu, akafuta,
akapuliza unga mweupe, akangoja.
Ufa uleule ukajichora wenyewe,
mwembamba kama unywele kwenye sabuni,
toka mshono tulioupiga usiku
meneja akitushikia saa.

Chuma hakinung'uniki. Kinahesabu:
kila ndoo ya jiwe la Bamburi, kuinama, kuinuka,
na chumvi ya hewa ikilamba palepale,
hadi Mbeyu aliposhuka kuomba maji
na ndoo ikalalia kiti chake.

Leo nachomelea upya.
Bega langu la kulia laalika
nikishusha kioo cha uso.
Mwachiro amesikia.
Anatikisa kile kikopo cha rangi:
"Vua shati tukutazame."